Mashine Imetaja Saketi, Haikutaja Sensa

Mhadhara kwa mafundi umeme wa magari, Ilala, Dar es Salaam

Ndugu zangu mafundi, vijana wangu, asanteni kwa kuja asubuhi hii. Najua wengine mmeacha kazi juu ya jeki ili mfike, kwa hiyo sitawazungusha. Walionisikia mwaka jana wanajua nitakachosema. Nitakisema tena, kwa sababu bado naletewa magari yaliyobadilishwa sensa ya joto la maji, ile inayopima maji ya kupoza injini, mara mbili, mara tatu, na ugonjwa uko palepale.

Kosa P0118 mnalijua. Unachomeka mashine ya kusomea makosa, linatokea, unamwambia mteja sensa imekufa, unamtuma kwenye maduka ya mtaa wa Gerezani akanunue nyingine. Nani kakwambia imekufa? Someni tena maandishi ya mashine. Yanasema saketi ya sensa, volti iko juu. Saketi ni sensa, ni soketi yake, ni waya mbili, ni kontroli boksi, yaani kompyuta ya injini. Ukimpigia mtu simu hapatikani, hutangazi msiba. Unajiuliza kwanza kama chaji imemwishia au yuko mahali pasipo na mtandao. Kwa gari la mtu, mbona tunakimbilia kuzika?

Sensa yenyewe haina maajabu. Joto likipanda, ukinzani wake unashuka. Kwa Toyota nyingi tunazoshika hapa, kwenye nyuzi 20 utapata karibu kilo-omu mbili na nusu, yaani omu 2,500, kwenye nyuzi 80 omu 320 hivi. Kontroli boksi inatoa volti 5 kupitia ukinzani wake wa ndani, kisha inasoma volti iliyobaki kwenye waya. Waya ukikatika, volti 5 zinabaki zote, na kontroli boksi inaamini injini iko hasi 40. Hasi 40, Dar es Salaam! Huku asubuhi ya Julai ikifika nyuzi 19 tunatoa masweta kabatini. Ukiona namba hiyo, usiwaze joto kabisa, waza njia iliyokatika. Na usihangaike kama mashine imewekwa sentigredi au farenhaiti, kwenye hasi 40 vipimo hivyo viwili vinakutana.

Upande wa pili ni P0117, saketi ileile lakini volti iko chini. Hapo njia imegusana na ethi, yaani upande hasi, iwe kwenye waya au ndani ya sensa, volti imeshuka sifuri, na mashine inaonyesha 140 au jirani yake hata kama injini imelala usiku kucha.

Sasa kipimo, nacho ni cha dakika mbili. Chomoa soketi ya sensa, swichi ya gari imefunguliwa bila kuwasha injini, mashine imechomekwa. Lazima isome hasi 40. Halafu chukua kipande cha waya, unganisha matundu mawili ya ile soketi. Lazima iruke hadi 140 hivi. Ikifanya yote mawili, waya ni nzima na kontroli boksi ni nzima, na sasa una haki ya kuituhumu sensa. Isipofanya, hata ukinunua sensa kumi utarudi hapohapo. Unganisha matundu hayo mawili tu, usilete umeme wa betri pale, na ile tesa yenu ya balbu isiguse waya hizi. Tumieni mita.

Najua kuna mtu hapa anasema moyoni, "Mzee, sensa bei yake ni ndogo, kubadilisha ni haraka kuliko kupima." Nimelisikia neno hili miaka 26. Ngoja niwasimulie gari moja, halafu mniambie lipi lilikuwa la haraka.

Kijana wa Mbagala, dereva wa teksi mtandao, gari dogo la injini ya 1300. Alikuja kwangu amechoka. Gari linakula mafuta, linanuka petroli, sailensa nyeusi kama sufuria ya mkaa. Taa ya cheki injini haiwaki. Gereji ya kwanza wakabadilisha plagi na kusafisha nozeli. Gereji ya pili sensa ya maji. Wakabadilisha tena wakidhani ile ilikuwa feki. Ya tatu akanunua mwenyewe, mpya, kwenye boksi lake. Akaniambia, "Mzee wangu, hesabu ya tajiri nimeshindwa kuifikisha wiki mbili."

Nikamwambia aliache gari lilale. Watu hawapendi kuambiwa hivyo, maana gari likilala na hela imelala. Lakini kipimo bora kuliko vyote mnapewa bure na asubuhi. Injini ikilala usiku kucha, maji yake na hewa ya nje ni joto moja. Saa 12 na nusu nilikuwa pale, nikafungua swichi bila kuwasha. Sensa ya hewa ikasoma nyuzi 27. Sensa ya maji ikasoma 9.

Nyuzi 9! Maji ya friji. Mnaona ubaya wake? Kontroli boksi ya gari hili haikuwasha taa, kwa sababu nyuzi 9 ni namba halali, kuna nchi injini zinaamka hivyo kila siku. Haikukatika, haikugusana. Imedanganywa kidogo tu, na uongo mdogo mara nyingi hauwashi taa.

Nikachomoa soketi, nikapima sensa kwenye pini zake. Kilo-omu 1.9. Kwa nyuzi 27 hiyo ni sawa kabisa. Kwa hiyo sensa ya tatu ilikuwa nzima, na sina shaka zile mbili zilizotupwa zilikuwa nzima. Nikatazama mashine, hasi 40, vizuri. Nikaunganisha matundu kwa waya. Nategemea 140. Ikapanda hadi 25 ikasimama.

Hapo ndipo nataka mtulie. Nimeondoa sensa kabisa, nimeweka waya mtupu, na bado kontroli boksi inaona ukinzani. Wa kiasi gani? Nyuzi 25 ni kama kilo-omu 2. Basi ndani ya njia kuna kilo-omu 2 ambazo hakuna aliyeziweka. Injini ikichemka, sensa inatoa omu 300, ongeza hizo 2,000, kontroli boksi inasoma nyuzi 20 na kidogo. Mchana kutwa, kwenye foleni ya Mbagala, injini imeiva, nayo inaendelea kumwaga petroli kama ndiyo kwanza inaamka.

Nikarudisha soketi, nikachokonoa waya wa ethi kwa nyuma kwa sindano ya mita, ncha nyingine hasi ya betri. Ethi nzima haitakiwi kuzidi volti 0.1. Mita ikasema volti moja na nusu. Sasa ethi hii ni ya ushirika, sensa ya throto, ule mlango wa hewa ya injini, nayo inaitumia. Nikapima ya throto, iko safi. Kwa hiyo ugonjwa uko baada ya njia panda, kwenye kipande cha mwisho kinachokwenda sensa ya maji peke yake. Nikavuta ule mpira wa nyuma ya soketi. Pale pini inapobana waya pamejaa unga wa kijani. Nikachuna ganda la waya, shaba ndani nyeusi. Nikakata, bado nyeusi. Nikakata tena, kama inchi mbili, mpaka nikaona shaba inang'aa. Nikaweka pini mpya, nikaunga kwa risasi, nikafunika kwa mpira wa kubana kwa moto. Swichi: hewa 28, maji 28. Kijana alizitazama namba zile mbili akaniuliza, "Basi?" Nikamwambia basi.

Nikamuuliza injini anaoshea wapi. Kila Jumapili, mashine ya presha, mpaka inang'aa. Presha inasukuma maji ndani ya soketi, na huku kwetu upepo wa bahari unaleta chumvi bila kualikwa. Mwambieni mteja asipige presha juu ya soketi. Kitambaa kinatosha.

Sasa nirudi kwa anayesema kubadilisha ni haraka. Sensa tatu, plagi, nozeli, wiki mbili za hesabu. Kipimo changu chote hakikufika saa nzima. Na hujahesabu masega ya sailensa, yale yanayosafisha moshi, yanayoungua kwa petroli isiyochomwa, wala oili inayochanganyika na petroli. Tena kila ukifungua sensa unamwaga kulanti, yale maji yenye dawa ya kupoza injini, halafu mnajazia nini? Maji ya kisima. Visima vingi vya mji huu ni chumvi, mnajua wenyewe kwa chai yake. Mnapanda kutu ndani ya injini kwa mkono wenu.

Mwingine atasema, "Mimi mashine yangu haikuonyesha hasi 40, ilionyesha 80." Sawa, kuna kontroli boksi zikishagundua kosa zinaweka joto la kubuni ili gari litembee, na zinawasha feni muda wote. Ndiyo maana nasema mita. Volti kwenye waya haibuniwi. Na feni ikizunguka muda wote msikimbilie kuikata au kuiunga moja kwa moja, nimechoka kufumua feni hizo. Kwanza angalieni kama saketi ya sensa haijakatika.

Naona naonyeshwa saa. Haraka haraka basi. Gari nyingi za zamani zina sensa mbili za maji: yenye waya mmoja ni ya geji ya dashibodi, yenye waya mbili ni ya kontroli boksi. Msibadilishe moja kwa kosa la nyingine. Thamostati, ile inayozuia maji yasiende rejeta mpaka injini ipate joto, ikitolewa, na mji huu mnazitoa zote, injini haifiki joto lake barabarani, na sensa itasema ukweli kwamba ni baridi, msiigombeze. Sensa ikikaa kwenye hewa badala ya maji nayo itasoma ovyo, toeni hewa kwenye rejeta. Kosa linalokuja na kupotea, tikisa waya kuanzia soketi huku jicho liko kwenye mashine. Kontroli boksi iwe ya mwisho kabisa kutuhumiwa. Nilitaka kuwachorea jedwali la joto na omu, muda hautoshi, nitalibandika mlangoni.

Nje kuna gari limelala toka jana usiku, sijaruhusu mtu aliguse. Twendeni sasa hivi kabla jua halijaipasha injini. Mwenye mita atangulie.