Jinsi ya kutangaza orodha ya biashara za Mbeya pamoja na duka lako mwenyewe

Habari za saa hizi, watazamaji. Kama uko Mbeya, Iringa au Njombe na kazi yako ni kuhudumia wafanyabiashara wenzako, yaani unachapisha kadi, unachora mabango au unachonga mihuri, kaa hapa. Leo tunatangaza tovuti ya orodha ya biashara za mjini sambamba na duka lako, bila kimoja kumeza kingine. Mfano wetu ni stesheneri ya Mwanjelwa.

Hatua ya kwanza ni jina. Orodha usiipe jina la duka lako. Stesheneri ya jirani haitakubali kuandikwa kwenye tovuti yenye jina la mshindani wake, na orodha isiyo na washindani wako ni tangazo lako tu lililovaa kanzu. Chukua domeni, yaani anwani ya tovuti, ya .co.tz kwa wakala aliyeidhinishwa, jina liwe la mji, tumalize hapo.

Hatua ya pili, jaza kabla hujatangaza. Tazama skrini yangu: nimeanza na aina moja tu, mafundi na maduka ya spea za malori. Barabara kuu ya kwenda Tunduma inapita humu humu mjini, na dereva aliyeharibikiwa gari Uyole saa mbili usiku hana shangazi Mbeya wa kumuuliza. Anashika simu. Anachotaka ni namba inayopokelewa, saa za kazi, na maelekezo ya kufika. Maelekezo yaandike vile tunavyoelekezana: "Ukitoka Mafiati kuelekea Mwanjelwa, kushoto, nyuma ya kituo cha mafuta." Postikodi iweke pia, ila sijaona dereva wa bajaji anayeendesha kwa postikodi.

Kila namba ipigie kwanza. Ukishapokelewa, omba ruhusa ya kuiweka, maana namba ya fundi mara nyingi ndiyo hiyo hiyo ya nyumbani kwake, na tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022.

Sasa hatua ya tatu, na hapa tutakaa kidogo. Kaunta yako ndiyo mtangazaji wako. Anayekuja kuchonga mhuri au kuchapisha kadi tayari ana biashara, wala huna haja ya kumtafuta mtaani. Mwambie hivi: "Shikamoo mama. Mhuri utakuwa tayari saa tisa. Wakati unasubiri, nikuwekee duka lako kwenye orodha ya Mbeya? Hailipiwi." Piga picha ya bidhaa zake, andika maelezo, msomee asikie.

Kisha kwenye kadi zake weka msimbo wa QR. Uelekeze kwenye ukurasa wake yeye, sio ukurasa wa mbele wa tovuti. Mama atazigawa kadi hizo kwa moyo mmoja kwa sababu zinamtangaza yeye, na kila anayeskani anaingia kwenye orodha. Hata akihamisha duka, wewe unarekebisha ukurasa na msimbo wa zamani unaendelea kufanya kazi. Chini kabisa ya ukurasa, kwa herufi ndogo: "Kadi zimechapishwa na..." halafu jina la duka lako. Inatosha, usiongeze picha yako. Msimbo usipungue sentimita 2 kwa upana, uwe mweusi juu ya nyeupe, na ujaribu kwa simu ya bei nafuu yenye kioo kilichokwaruzika, maana ndizo simu za wateja.

Hatua ya nne: duka lako nalo liingie kwenye orodha, pamoja na stesheneri nyingine zote unazozijua. Zipange kwa alfabeti. Pembeni ya jina lako andika wazi, "Duka hili ni la mwenye tovuti." Ukitaka kukaa juu, jiwekee kisanduku chenye neno "Tangazo", na wengine wauzie nafasi hiyo hiyo kwa bei inayojulikana. Mbeya watu wanajuana; ukijipendelea kimyakimya, Kabwe nzima itajua kabla ya Ijumaa.

Kwa upande wa Google, sajili duka peke yake ili lionekane kwenye ramani. Orodha haisajiliwi huko, kwani Google wanataka biashara inayokutana na wateja ana kwa ana. Orodha yenyewe itafute njia kupitia vichwa vya kurasa: "Fundi turbo Uyole" kitatafutwa zaidi kuliko "Karibu kwenye tovuti yetu".

Msimu pia una nguvu. Kabla ya Nane Nane, tengeneza ukurasa wa nyumba za wageni na mama lishe walio karibu na viwanja vya John Mwakangale. Wenye mabanda watahitaji vipeperushi wiki hiyo hiyo, na duka lako linaonekana pale pale.

Mwisho, ujue mteja katokea wapi. Kwenye ukurasa wa duka lako weka kiungo cha WhatsApp chenye ujumbe ulioandikwa tayari: wa.me/ kisha namba yako ikianza na 255 bila sifuri, kisha ?text=Nimekuona%20kwenye%20orodha. Kwenye bango la dukani weka kiungo chenye ujumbe tofauti. Jumamosi jioni fungua simu, hesabu ujumbe wa kila aina, andika kwenye daftari la mauzo, safu ya pembeni kabisa.