Mtoto aliyepandikizwa figo: mzazi aogope nini?
(Mhadhara kwa wazazi na walezi, Moshi)

Shikamooni wazee wangu, na wazazi wenzangu habari za asubuhi. Poleni na safari, hasa mliotoka Arusha.

Wengi mkiniuliza kuhusu mtoto aliyepandikizwa figo mnaanza na baridi ya mlimani, vumbi na shule. Sweta avae, sikatai. Shule atarudi, mara nyingi baada ya miezi mitatu hivi daktari wake akiridhika. Hofu yangu iko kwingine: maambukizi.

Mwili wa mtoto unaiona figo ile kama mgeni, na ukiachiwa utaishambulia. Ndiyo maana anameza takrolimasi, maikofenoleti na prednisoloni kila siku. Dawa hizo zinashusha kinga. Virusi ambavyo kwa kaka yake ni mafua tu, yeye vinaweza kumlaza wodini. Lakini mzazi usije ukajipunguzia dozi eti kinga irudi: kinga ikirudi, figo itakataliwa.

Mwezi wa kwanza hatari ziko hospitalini, kwenye kidonda, mpira wa mkojo na kanula ya mshipani. Hizo ni kazi yetu zaidi. Kuanzia hapo hadi mwezi wa sita ndipo penye shughuli. Mama au baba anayetoa figo mara nyingi aliambukizwa zamani virusi vya sitomegalo na vya Epstein-Barr bila hata kujua, navyo vimelala mwilini mwake. Mtoto huenda hajawahi kukutana navyo. Anavipokea pamoja na figo, wakati uleule kinga yake imeshushwa. Sitomegalo inaleta homa na kuharisha na kupunguza chembe nyeupe za damu. Epstein-Barr inaweza hata kusababisha saratani ya tezi za limfu. Aliyetoa figo hana kosa lolote, asilaumiwe na ukoo. Tunawapima wote wawili kabla ya upasuaji ili tujue tunachokisubiri, na mtoto mwenye hatari hiyo hupewa valgansiklovia, dawa ya kuzuia virusi, kwa miezi kadhaa. Anapewa pia septrini, inayozuia nimonia ya aina fulani ya fangasi.

Sasa kadi ya kliniki. Hii nawasihi wale ambao watoto wao bado wanasubiri. Chanjo ya surua na rubela, inayotolewa kwa miezi 9 na 18, ina virusi hai vilivyodhoofishwa. Akishapandikizwa, kwa kawaida hatumpi tena. Kama aliikosa, apewe sasa, angalau wiki nne kabla ya upasuaji. Ulizeni na ya tetekuwanga. Baada ya kupandikizwa, akikaa darasa moja na mwenye surua au tetekuwanga, mleteni siku hiyohiyo, msisubiri vipele. Zipo dawa za kumkinga, ila zinataka kuwahiwa. Na mdogo wake akipewa matone ya polio, virusi vya chanjo hutoka kwenye choo kwa wiki kadhaa, kwa hiyo nepi zile asizishike.

Bibi zetu, hapa naomba mnivumilie. Maziwa mabichi, mtindi wa maziwa yasiyochemshwa, kisusio (supu ya damu), nyama yenye damu: hapana. Ugonjwa wa bruselosisi uko kwenye mifugo yetu. Mtori wa moto ale mpaka ashibe. Balungi asile, linapandisha takrolimasi kwenye damu. Maji yachemshwe, alale ndani ya chandarua, na asioge kwenye mifereji ya mashamba ya mpunga kule chini, kuna kichocho.

Duka la dawa ndilo linalonitisha kuliko soko zima. Erithromaisini au flukonazoli inaweza kupandisha takrolimasi hadi iumize figo. Rifampisini ya kifua kikuu inaishusha, na figo ikakataliwa. Diklofenaki na ibuprofeni zinaiumiza figo yenyewe. Kwa hiyo usinunue kitu kabla ya kuwauliza wanaomtibu. Na mtu mzima anayekohoa wiki mbili pale nyumbani akapimwe kifua kikuu, awe mjomba au dada wa kazi.

Nunueni kipimajoto. Ikifika nyuzi 38, ni hospitali, hata kama ni usiku wa manane. Na kwa kuwa prednisoloni inaweza kuificha homa, mtoto aliyelegea, anayekataa kula au anayelia akikojoa aje hata kama kipimajoto kinasema yuko sawa.