Axel: Kwa Nini Kuruka Ukitazama Mbele Ndiyo Kazi

Hamjambo watu wangu wa Chuga! Na nyie wa Moshi msininunie, nawasalimu pia. Leo niko uwanja wa barafu hapa Ottawa, Kanada, binti yangu yuko mazoezini, anajifunza kuteleza na kuruka kwa viatu vya chuma. Mkisikia kishindo nyuma yangu msishtuke, ni watoto wanaanguka.

Mtoto wa kaka yangu, yuko Sakina, kanitumia voisi: "Shangazi, mbona wanasema Axel ndiyo ngumu, na mtu anaruka anaona aendako? Si afadhali kuliko kuruka kinyumenyume?"

Sikiliza baba. Axel ni mruko mmojawapo wa mchezo huu wa barafuni. Miruko mikubwa iko sita. Mitano, Salchow, Lutz na wenzake, unaondoka ukiwa unarudi nyuma. Axel peke yake unaondoka ukitazama mbele. Lakini kutua, yote unatua kinyumenyume. Hapo ndipo deni linapoingia: lazima uongeze nusu mzunguko. Kwa hiyo Axel "tatu" ni mizunguko mitatu na nusu.

Ila hiyo nusu siyo inayowaliza watoto wa hapa. Kinachowaliza ni kule kuondoka. Umeshamuona konda wa Hiace anavyoruka gari halijasimama pale Kilombero? Anatua huku anakimbia, maana mwili bado unalifuata gari. Sasa mwambie asikimbie: mwendo wote aupeleke juu, halafu azunguke.

Mchezaji anateleza kwa mguu wa kushoto, kwenye ukingo wa nje wa chuma cha kiatu, goti limekunjwa. Chuma kinakwaruza barafu kuzuia mwendo, na papo hapo mguu wa kulia unapita mbele, goti juu. Akiwa hewani uzito wote anauhamishia kulia, maana huo ndio mguu wa kutua. (Wapo wanaozunguka upande mwingine, hao geuza yote.) Akiwahi kuzungusha mabega, anapinda na kuja chini kwa nyonga. Kocha wa binti yangu akishaona mruko, anakwenda kuinama palepale alipoondokea. Mkwaruzo ukiwa mfupi, umejikunja mwishoni, anaitikia kwa kichwa. Ukiwa mpana umesambaa, "rudia." Binti yangu ana Axel "moja" tu, yaani mzunguko mmoja na nusu, na hiyo nayo kuna siku inagoma.

Mwenye jina ni Axel Paulsen wa Norwei, aliuruka Vienna mwaka 1882, tena na viatu vya mbio za barafuni! Axel mbili ikangoja mpaka Dick Button, Olimpiki ya 1948. Tatu akaileta Vern Taylor mwaka 1978, hapahapa Ottawa, na mwanamke wa kwanza kuimudu kwenye mashindano ni Midori Ito wa Japani, mwaka 1988. Nne, Yuzuru Hanyu aliijaribu Olimpiki ya Beijing 2022 akaanguka. Septemba mwaka huohuo kijana wa miaka 17, Ilia Malinin wa Marekani, akatua nayo. Mizunguko minne na nusu, na hewani hujamaliza hata sekunde moja.

Sasa kinachoniudhi mimi: Axel nne thamani yake ya msingi, kabla majaji hawajaongeza au kupunguza, ni pointi 12.5, Lutz nne ni 11.5. Pointi moja! Kwa kazi yote ile? Waliopanga pointi hizi wabahili kweli.

Shangazi yako nakuachia dawa ya kuitambua kwenye TV: mchezaji anarudi kinyumenyume, ghafla anageuka mbele, anakanyaga mguu mmoja na kupaa. Ukiona hivyo, hiyo ni Axel, waambie wenzako kabla mtangazaji hajasema.