Fataki Iliyochomoza Haisemi Unachodhani

Ndugu zangu, hata sijashika kipaza sauti, swali ni lilelile: "Fundi, fataki imechomoza nje ya ganda, presha imezidi?" Fataki ndiyo kile kikombe kidogo cha kitakoni mwa ganda la risasi kinachowasha baruti. Na presha haijazidi! Nimelisema hili mpaka nyumbani kwangu wanalikariri, na leo mtalisikia tena.

Tuchukue Lee-Enfield Na. 4 ya .303, jamii ya zile bunduki walizobeba askari wa KAR (King's African Rifles, jeshi la kikoloni la Afrika Mashariki) hadi Burma. Ganda lake lina ukingo kitakoni, na ukingo huo ndio unaolizuia lisizame kwenye chemba, yaani sehemu ya nyuma ya mtutu inapokaa risasi. Nafasi inayoachiwa ukingo huo mbele ya bolti, yaani chuma kinachofunga chemba kwa nyuma, kwa vipimo vya jeshi, ni inchi 0.064 hadi 0.074. Ikizidi hapo, ganda linacheza.

Sasa nifuateni polepole. Pini ya bolti inapiga fataki na kulisukuma ganda mbele mpaka ukingo ugote. Fataki inalipuka, inajisukuma nyuma, inagusa bolti. Baruti inashika moto, kuta za ganda zinafura na kung'ang'ania chemba. Presha ikiwa kamili, kitako cha ganda kinarudi nyuma kwa nguvu na kuimeza fataki tena. Presha ikiwa ndogo, kitako hakirudi, na fataki inabaki nje. Kwa hiyo mnachokiona ni nafasi kubwa na presha ndogo. Halafu mtu anayejijazia risasi anapunguza baruti, fataki inachomoza zaidi, naye anapunguza tena. Jamani!

"Lakini yangu imebapa kama sarafu." Sawa, huenda ni presha. Huenda pia fataki ilitoka nje kwanza, ikatanuka, kisha kitako kikarudi kuibamiza. Hata risasi ya kiwandani isiyo na kosa lolote inaweza kufanya hivyo ndani ya bunduki iliyochakaa. Ndiyo maana siiamini fataki peke yake. Chukua waya mwembamba, kunja ncha, ingiza ndani ya ganda tupu, kwaruza kutoka kitakoni kwenda juu. Ukihisi mfereji, ganda limevutika na linakaribia kukatika. Acha kupiga, tafuta fundi mwenye geji ya kupimia ile nafasi. Na usinitajie maneno ya muuzaji kwamba bolti ni ya bunduki hiyohiyo: linganisha namba ya kwenye mkono wa bolti na ya bunduki yenyewe. Vichwa vya bolti vya Na. 4 huwa na alama 0 hadi 3, na 3 ndicho kirefu, kinachopunguza nafasi kuliko vyote. Wenye haraka hukifunga hicho bila kupima chochote, wakaenda zao kupiga.

Naona mwenyekiti anatazama saa, basi dalili nyingine kwa haraka. Fataki iliyotoboka: kagua ncha ya pini, kama imechongoka au imeliwa na kutu. Masizi kuizunguka fataki: tundu lake limelegea, tupa ganda. Bolti ngumu kufunguka: hapo ndipo muihofie presha. Chemba yenye mafuta: ganda linateleza, bolti inabeba mzigo wote.

Fataki nyingi za zamani za jeshi huacha mtutuni chumvi inayovuta unyevu. Osha mtutu kwa maji ya moto siku hiyohiyo, kausha, paka mafuta, ila yafute chembani kabla ya kupiga tena. Na ukipiga risasi ikanyamaza, usifungue bolti. Mtutu ubaki kwenye shabaha, hesabu sekunde 30 au zaidi, na jirani asije kuchungulia.