Mzee Niliyemzika Sura ya Nne

Asalaam aleikum, na habari za mchana. Ndugu mwenyekiti, walimu wenzangu, wazee wetu, na nyie wanangu wa sekondari mliokaa kule nyuma karibu na mlango ili mtoroke mapema. Mimi ni mwalimu. Nimewaona tangu mnaingia.

Barua ya mwaliko ilinitaka nije niwaeleze namna mwandishi wa riwaya "anavyopata muda". Nimelizungusha swali hilo kichwani wiki nzima, kwenye daladala, nikichambua mchele, hata juzi kwenye kikao cha wazazi. Jana usiku nikaona bora niseme kweli: muda sipati. Sijawahi kuupata. Nina vipindi vyangu shuleni, nina watoto watatu, nina mama mkwe ninayeishi naye Makorora, hapahapa Tanga, nina kikoba kila Jumamosi, na nina makundi manne ya michango ya harusi kwenye simu, yote yanataka nimalizie ahadi kabla ya tarehe fulani. Kwa hiyo la muda tulipishe. Kinachoniuma mimi ni kukatika kwa uzi wa kazi.

Nianze na mzee mmoja. Katika mswada wangu wa pili yumo Mzee Kibwana, fundi wa mashua, mtu wa Pangani. Nilimwua sura ya nne. Nikamzika kwa kurasa tatu nzima: udongo, dua, wali wa msibani, mjane anayetafuta kandambili zake mlangoni katikati ya viatu mia. Nililia nikiandika. Kisha ikaja mitihani ya muhula, nikawa na lundo la karatasi za kidato cha pili. Kabla sijazimaliza akafariki shangazi yangu Muheza, nikakaa msibani siku kumi. Narudi, mtoto wa mwisho ana malaria. Ikapita mwezi na nusu sijaugusa mswada. Nilipoufungua nikaendelea pale nilipodhani niliishia.

Msomaji wangu wa kwanza ni mwalimu mwenzangu wa Jiografia. Alinirudishia karatasi huku anacheka mpaka anakohoa. "Mwalimu, huyu Mzee Kibwana si tulishamzika? Mbona sura ya tisa yupo barazani anaagiza kahawa na kashata?"

Nikaangalia. Kweli, anaagiza. Na kibaya zaidi, maneno yake pale barazani yalikuwa matamu kuliko yote yaliyomo kitabuni.

Watu husema ni usahaulifu. Hapana. Shairi unaweza kulibeba kichwani kama mtu anavyobeba ndoo kutoka bombani: ukitembea vizuri linafika. Riwaya ina watu thelathini, kila mmoja na siri yake, na kila siri kuna anayeijua na asiyeijua. Nikikaa siku tatu bila kuigusa, siku ya nne napiga hodi kama mgeni kwenye nyumba niliyoijenga mwenyewe. Nikikaa mwezi, wenyeji wamehama. Saa moja niliyoipata kwa taabu inaishia kuwatafuta walikohamia, na ikiisha sijaandika hata sentensi. Halafu natoka nje nasema sina muda.

Ndiyo maana kwa miaka mingi nilizipenda sana tarehe za mwisho. Wenzetu wa Kenya wanasema makataa, na mimi nalipenda neno hilo, lina ukali wa mtu aliyekwisha kata shauri. Tarehe ya mwisho inakupa ruhusa ya kumwambia mama mkwe, "Mama, nisamehe, leo sipiki, nina kazi ya watu." Kazi yako mwenyewe haina heshima nyumbani. Ya watu inayo.

Na fasihi yetu inadaiwa shukrani na tarehe hizo. Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar alikuwa bwana afya, kisha akawa mhariri wa magazeti. Mhariri hana jioni yake, mnajua. Lakini shirika la East African Literature Bureau liliitisha shindano la kuandika hadithi za Kiswahili, akaingia, na *Mzimu wa Watu wa Kale* ikachukua nafasi ya kwanza katika shindano la 1957 na 1958. Mwaka 1960 ikatoka kitabu, na mpelelezi wake, Bwana Msa, na kiko chake wakaingia majumbani mwetu. Siku hizi kuna ile tuzo ya Cornell ya fasihi ya Kiswahili iliyoanza 2014, na kuna Tuzo ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu iliyozinduliwa 2022. Miswada mingi iliyokuwa uvunguni imetoka kwa sababu tu kuna mtu aliyesema: mwisho tarehe fulani.

Mimi nami nikaingia shindano moja, silitaji, maana kosa lilikuwa langu. Mwisho wa kupokea ulikuwa saa sita usiku. Mswada ulikuwa tayari tangu asubuhi, Mzee Kibwana amekwisha kutulizwa kaburini, nimepitisha jicho mara mbili. Lakini si mnatujua. Nikasema niupitie tena, labda kuna mkato umekaa vibaya. Saa tatu na dakika kumi umeme ukakatika. Kompyuta yangu betri yake ilikufa zamani, inaishi kwa waya tu kama mgonjwa wa dripu. Nikasubiri mpaka saa nne na nusu. Nikachomoa flashi kwenye mkoba wa shule, nikapanda bodaboda mpaka Raskazone kwa binamu yangu mwenye jenereta, nimevaa dera na mtandio umepinda. Saa tano na dakika hamsini nikatuma. Tukanywa chai, binamu akanipongeza.

Asubuhi nikafungua ile flashi. Nilikuwa nimetuma mswada wa zamani. Majaji wa watu wamepelekewa riwaya ambayo maiti anakunywa kahawa.

Sikushinda, ndiyo. Mnacheka, lakini sikushinda.

Sasa kuna yale mashindano mengine, ya mtu kushindana na nafsi yake. Marekani mwaka 1999 watu 21 walikubaliana kwamba kila mmoja aandike riwaya ndani ya mwezi mmoja. Likakua likawa jambo la dunia nzima: kila Novemba, maneno 50,000 kwa siku 30. Waandaaji wake walifunga shughuli 2025, ila desturi imebaki, na Novemba moja nikajiunga na dada wawili wa mjini hapa. Piga hesabu: ni maneno 1,667 kila siku, Jumapili imo, siku ya kikoba imo.

Siku ya nne nikagundua jambo ambalo nadhani walioanzisha shindano halikuwahusu. Kiswahili kinaonewa. Mimi nikiandika "asingalimwandikia", mashine inahesabu neno moja. Kiingereza kinahitaji saba kusema hilohilo. Mwenzangu wa huko anakimbia mita mia, mimi nabeba mizigo yote ya sentensi juu ya kitenzi kimoja halafu naambiwa nimepiga hatua moja.

Basi nikaanza wizi. Sikujua kama ni wizi. Mahali pa "maana" nikaweka "kwa sababu ya kwamba". "Akiwa amelala" ikawa "katika hali ya kuwa amelala". Mhusika wangu mkuu, binti wa Ngamiani barabara ya 12, aliyekuwa akienda sokoni siku zote, akaanza kwenda "katika soko". Akirudi haingii nyumbani, anaingia "ndani ya nyumba yake". Kila kiambishi cha -ni nilichokitupa kilinipa angalau neno moja la ziada. Tarehe 30 nikafika, maneno 50,000 na kitu, tukapeana pongezi kwenye simu. Desemba nikakisoma kwa sauti, mama mkwe amekaa pembeni anasuka ukili. Alisikiliza kurasa mbili akaniuliza, "Huyu binti ni wa wapi?" Nikamwambia wa Ngamiani, mama. Akasema, "Mbona anaongea kama tangazo la mahakama?"

Mama mkwe wangu hajasoma riwaya hata moja.

Sisemi msishindane. Nilipata kitu Novemba ile, nitakuja nacho. Nasema tu, kama mnahesabu, hesabuni kwa kurasa au kwa dakika. Msihesabu maneno kwa lugha inayoweza kuweka mtu, wakati, na anayetendewa ndani ya neno moja. Mtaanza kuikatakata ili iwe nyingi.

Kuna Mwingereza mmoja, Anthony Trollope, alikuwa mfanyakazi wa posta na ameacha riwaya 47. Alikaa mezani saa kumi na moja na nusu alfajiri kila siku, saa yake imewekwa mbele, na akajidai maneno 250 kila robo saa. Alikuwa na mtumishi wa farasi aliyelipwa pauni tano zaidi kwa mwaka kwa kazi ya kumwamsha tu. Nilipolisoma hilo nilicheka. Sisi tuna muadhini, tuna jogoo wa jirani, tuna mama mkwe, na hakuna anayedai pauni. Lakini watu wakimtaja Trollope wanataja yale maneno 250, na hawataji jambo ninaloliona ndilo la maana: nusu saa ya kwanza hakuandika kitu. Aliisoma kazi ya jana, akiipima sauti yake kwa sikio. Nusu saa katika saa tatu! Alikuwa anapiga hodi, anaitikiwa, anakaribishwa, ndipo anaanza.

Na mtu wa kwetu hapa, Shaaban Robert. Tunamwita mshairi, tunamwita mwanafalsafa, tunasahau kwamba alikuwa karani. Aliingia forodhani 1926, akafanya kazi huko Pangani na kwingineko, akapita idara ya wanyama, akamalizia kwenye upimaji wa ardhi. Zaidi ya miaka 30 ya mihuri na barua za wakubwa, mchana. Alifariki 1962. *Kufikirika* ilitoka 1967. Wanangu, ifikirieni hiyo. Sisi tukikaa miezi sita bila jibu la mchapishaji tunaanza kusema fasihi imekufa. Mimi nilisema hivyo mwaka jana, tena kwa sauti, ofisini kwa walimu.

Sijui alijitunza vipi uzi wake usikatike, hakutuachia ratiba. Yangu naweza kuwapa, na imetoka darasani. Baada ya aibu ya Mzee Kibwana nilichukua daftari la mahudhurio, lile hasa la shule lenye mistari ya majina na visanduku vya siku, nikaandika majina ya watu wote wa riwaya yangu. Kila alfajiri, baada ya sala na kabla sijawasha jiko, naita majina. Bi Mwanaidi? Yupo, amejifungia chumbani tangu Jumanne, hajui kwamba barua imefika. Salimu? Hayupo, yuko baharini, anarudi sura ijayo. Mzee Kibwana? Marehemu. Huyo nimempigia mstari kwa kalamu nyekundu mpaka mwisho wa mwaka. Dakika tano, siku nyingine saba. Kisha kama kuna nusu saa naandika, na kama haipo, nakwenda zangu kazini na watu wangu wote ninao.

Novemba ile ndiyo iliyonifundisha hili, na sikuligundua mpaka baadaye. Kurasa zilikuwa mbovu, lakini siku 30 sikupotea njia hata mara moja. Sikuwahi kuuliza nani anajua nini. Sasa nimetupa hesabu ya maneno, nimebaki na kule kuonana kila siku.

Hata msibani nawaita. Mwaka huu tulikuwa uani tunamenya viazi vya wageni, wanawake kama kumi na tano, na mimi kimya, naita majina moyoni. Wifi yangu akanikanyaga mguu. "Wifi, uko wapi?"

"Nipo, wifi."

"Hupo. Uko kwenye hizo hadithi zako. Hivi zinaleta hata unga, hizo?"

Nikamwambia mrabaha wa mwaka jana ulinunua unga, na sukari, na kitenge alichokivaa siku ile. Kilikuwa cha sare ya msiba, nilichangia mimi. Akaangalia kitenge, akaangalia kisu, akasema, "Basi huyo mwanamke aliyejifungia chumbani mfungulie, maana na sisi tunataka kujua." Kumbe nilikuwa nimeita kwa sauti.

Wenye mlango, nimewaona mmeanza kufunga mikoba. Mwenyekiti ananionyesha saa, na mimi nina karatasi 84 za kidato cha pili zinanisubiri kwenye kapu, na zenyewe zina tarehe ya mwisho, kesho saa mbili. Tuchukue maswali matatu au manne. Ila anayetaka kuniuliza kitabu cha tatu kinatoka lini, namwomba kwa heshima zote aweke mkono chini.