Gari la New Hampshire, kodi ya Massachusetts: piga hesabu kabla hujanunua

Hamjambo wapendwa, karibuni tena. Leo naongea kutoka Lowell, Massachusetts, na naongea hasa na wewe uliye nyumbani ambaye umeshapata viza, na wewe mzazi ambaye kijana wako anakuja huku kuanza chuo. Swali linalonifikia mara kwa mara siku hizi ni hili: jimbo la New Hampshire halitozi kodi ya mauzo, na kutoka Lowell hadi Nashua ni mwendo wa dakika kama ishirini kwa barabara ya Route 3. Mbona basi tusinunue magari huko tukabaki na pesa zetu?

Watu wananunua huko, tena wengi. Lakini kodi ya Massachusetts wanailipa vilevile. Gari likishakuwa la kulala Lowell na kusajiliwa Massachusetts, jimbo hili linadai asilimia 6.25, hata kama muuzaji wa Nashua hakukukata senti. Gari la dola 12,000 linadaiwa dola 750. La dola 20,000 linadaiwa dola 1,250. Nataka hesabu hiyo uwe nayo kichwani kabla hujakanyaga yadi yoyote, kwa sababu nimewaona vijana wetu wakimaliza akiba yote kwenye bei ya gari, halafu gari linabaki yadi, na wao wanaendelea kuomba lifti usiku kwenda zamu kwenye nyumba za wazee. Inaniuma kila nikiliona jambo hilo, maana pesa ya kodi ingetengwa mapema kijana angechagua gari la bei ya chini kidogo na angekuwa barabarani.

Naelewa kwa nini linawashtua watu. Nyumbani Kenya ukiingia yadi ya magari, bei unayotajiwa ni ya gari ambalo limeshatoka bandarini Mombasa. Ushuru wa forodha, ushuru wa bidhaa, VAT ya asilimia 16, yote hayo aliyeliagiza alishamalizana na KRA, mamlaka ya kodi ya Kenya. Hata dukani, sabuni iliyoandikwa shilingi mia mbili unatoa mia mbili unaenda zako. Huku bei iliyobandikwa kwenye kioo cha gari ni ya gari peke yake. Kodi iko nje ya bei hiyo, na kila jimbo lina kiwango chake.

Majimbo yasiyo na kodi ya mauzo ya jimbo zima ni matano: Alaska, Delaware, Montana, New Hampshire na Oregon. Sisi wa Lowell tumepakana na mojawapo. Pale Nashua kuna maduka yanaitwa Pheasant Lane Mall. Jengo liko New Hampshire, lakini sehemu ya maegesho yake iko Tyngsborough, upande wa Massachusetts. Unaacha gari kwenye jimbo lenye kodi, unatembea hatua chache, unanunua televisheni kwenye jimbo lisilo na kodi. Kisheria hata ile televisheni ukiileta kuitumia Lowell unadaiwa kodi yake. Fomu ya kodi ya mapato ya Massachusetts ina mstari wake kabisa wa kujaza vitu kama hivyo. Wengi hawaujazi, wala hakuna anayekuja kubisha hodi. Ndiyo maana mtu anadhani na gari litapita hivyo hivyo. Halipiti, kwa sababu gari lazima liwe na namba, namba zinatoka RMV, ile ofisi ya jimbo ya usajili wa magari, na RMV haikupi namba kabla kodi haijalipwa au hujaonyesha kwa karatasi kwamba umesamehewa.

Kodi yenyewe inaitwa kodi ya matumizi. Si jambo la jana. Mwaka 1935 jimbo la Washington lilianza kutoza kodi ya mauzo ya asilimia 2, likajua wazi kwamba watu watanunua vitu kwa jirani, basi likaweka na kodi ya matumizi ya asilimia 2 kwa kinachonunuliwa nje na kuletwa kutumika ndani. Kesi ikafika Mahakama ya Juu ya Marekani, na mwaka 1937 Jaji Benjamin Cardozo akaandika hukumu iliyoihalalisha: aliyenunua nje na aliyenunua ndani wabebe mzigo ulio sawa. Ndugu zangu wa Tanzania jambo hili si geni kwenu, mliowahi kuvusha gari kutoka Unguja kulileta Dar mnajua habari ya tofauti ya kodi.

Mimi naiona kodi hii ni haki, na nasema hivyo nikijua wengine hamtanielewa. Kila senti 6.25 za kodi ya mauzo hapa, senti moja inakwenda MBTA, yaani treni na mabasi ya Boston, na senti nyingine inakwenda kwenye ujenzi wa shule. Watoto wetu wako kwenye shule hizo. Mwenye yadi Lowell naye anaajiri watu wetu kuosha magari, kutengeneza, kuuza. Jimbo likiacha mpaka wazi, yadi zote za mpakani zitafungwa.

Sasa tuje kwenye karatasi, maana hapa ndipo watu wanapokwama.

Umelipenda gari Nashua, mmekubaliana bei. Usitegemee kuwasha na kuondoka siku hiyo hiyo. Kama huna namba za Massachusetts za gari ulilokuwa nalo, gari hili bado haliwezi kutembea barabarani kwa jina lako. Muuzaji anakupa hati ya mauzo inayoonyesha bei na taito ya gari iliyosainiwa nyuma kwa jina lako. Taito ndiyo kadi ya gari, au logbook kama tunavyoiita Kenya. Unachukua hizo unakwenda kwa wakala wa bima. Wakala anajaza fomu ya RTA, ambayo ndiyo maombi ya usajili na taito kwa pamoja, na anapiga muhuri wa kampuni ya bima. Angalia muhuri huo kwa macho yako, uwe umesomeka, na namba ya chasisi iliyo kwenye fomu ilingane herufi kwa herufi na ile iliyo kwenye taito na ile iliyo chini ya kioo cha mbele upande wa dereva. Herufi moja ikikosewa utarudishwa.

Ndipo unakwenda RMV. Pale dirishani unalipa kodi ya asilimia 6.25, taito dola 75, na usajili wa gari la kawaida dola 60 kwa miaka miwili. Unapewa namba, zile pleti za bati, unarudi nazo New Hampshire, unazifunga, unaondoka na gari lako. Ndani ya siku 7 tangu kulisajili unalipeleka kukaguliwa, dola 35. Yadi nyingi za New Hampshire zimezoea wateja wa huku na zinaweza kukufanyia mlolongo huu wote na kukusanya kodi kwa niaba ya Massachusetts. Ukikubali, hakikisha kodi imeandikwa kwenye mstari wake kwenye risiti. Usikubali kuambiwa tu "kila kitu kimo". Kama unanunua kwa mkopo, uliza mapema kama mkopo unabeba na kodi, kwa sababu mikopo mingine inaishia kwenye bei ya gari, na hizo dola 1,250 unatakiwa uzitoe mfukoni.

Tarehe pia zina uzito. Kodi inatakiwa iwe imelipwa kufikia tarehe 20 ya mwezi unaofuata ule ulionunua. Ukichelewa, adhabu na riba zinaanza kuongezeka.

Ukinunua kwa mtu binafsi, kuna jambo jingine. Watu wanaandikiana bei ndogo kwenye karatasi ya mauzo. Gari kauziwa dola 6,000, karatasi inasema 2,000. Massachusetts ina jibu la jambo hilo: mauzo ya mtu kwa mtu yanatozwa kwa bei uliyolipa au kwa thamani ya gari kwenye kitabu cha bei, yaani orodha ya bei za magari yaliyotumika, ile iliyo kubwa zaidi. Kitabu kikisema 6,500, unatozwa kwa 6,500, na hiyo ni dola 406 na senti 25, hata kama muuzaji alikuonea huruma akakuachia kwa 4,000 na ni kweli tupu. Mkenya aliyewahi kuagiza gari hashangai, KRA nayo ina orodha yake ya bei na risiti yako ya Japani haiwapunguzii kitu. Kwa hiyo kabla ya kununua kwa mtu, tafuta kwanza thamani ya kitabu.

Familia je? Massachusetts inasamehe kodi gari likihama kati ya mume na mke, mzazi na mtoto, au ndugu wa tumbo moja. Kuna fomu ya kiapo, mnasaini wote wawili. Mtoto wa mama mkubwa hayumo. Shemeji hayumo. Mjomba aliyekulea tangu darasa la kwanza, hayumo. Wao wanaweza kukupa gari kama zawadi, na zawadi nayo ina kiapo chake na haina kodi, lakini iwe zawadi kweli, bila pesa kupita mkono wowote na bila wewe kuchukua deni lao la gari. Kiapo ni kiapo, usisaini ukiwa umemtumia pesa kwa simu jana yake.

Na hapa naomba unisikilize kwa makini, hasa wewe ambaye makaratasi yako ya uhamiaji bado yanashughulikiwa. Utakutana na mtu atakayekuambia usajili gari kwa anwani ya jamaa aliye Nashua, au ufungue kampuni ya jina tu Montana na gari liwe la kampuni. Usikubali. Unaishi Lowell, unafanya kazi Lowell, gari linalala Lowell kila usiku, na umesaini kwamba linalala kwingine. Siku ukigongana, kampuni ya bima itauliza gari linalala wapi, na una hatari ya kubeba mwenyewe gharama za hospitali na za gari la mwenzako. Dola 750 za kodi utazirudisha kwa zamu za ziada. Uongo uliouwekea sahihi kwenye fomu ya serikali ya huku utakufuata kwenye kila fomu nyingine.

Sasa wale mnaohamia Massachusetts kutoka jimbo lingine, nanyi kuna nafuu. Kama gari ulilinunua na kulitumia kwenye jimbo ulilotoka kwa miezi 6 au zaidi kabla ya kulileta, hudaiwi kodi ya matumizi. Kama haijafika miezi 6 lakini kule ulilipa kodi kihalali, utahesabiwa ulicholipa. Tuseme ni gari la dola 20,000 na ulilipa asilimia 5.5, yaani dola 1,100. Hapa utamalizia dola 150. Lakini lete ushahidi: hati ya mauzo inayoonyesha kodi, na usajili wa kule wenye tarehe. Watu hutupa karatasi hizi wakati wa kufunga mizigo. Ziweke pamoja na pasipoti.

Baada ya hapo kila mwaka mji wako utakuletea bili ya kodi ya kumiliki gari, dola 25 kwa kila dola 1,000 za thamani, na thamani hiyo inashuka kadiri gari linavyozeeka. Gari lililokuwa dola 30,000 likiwa jipya, likifika mwaka wa tano linahesabiwa asilimia 10 tu, dola 3,000, kwa hiyo bili ni dola 75. Bili hiyo ina mambo yake, na ukiuza gari katikati ya mwaka kuna pesa unaweza kudai. Nitaitengenezea video yake.

Kama unahama na hujui uko upande gani wa miezi 6, nitumie tarehe mbili: siku uliyonunua gari na siku utakayolileta huku. Tutapiga hesabu pamoja.