Mgeni wa kusi chini ya mwembe

Assalamu alaykum, wazee wangu, kina mama, na nyinyi vijana mliokaa huko nyuma.

Nitaanza na jani. Jani kavu la mwembe, uani kwangu hapa Malindi, asubuhi moja ya Mei, masika yamekolea. Nimesimama mlangoni na kikombe cha chai, mara naona jani limepinduka. Upepo hakuna. Likapinduka la pili. La tatu likapinduka, na nyuma yake amesimama ndege.

Ukubwa wake ni wa shore, ila mkia ni kama umekatwa kwa mkasi. Kichwa cheusi, na juu ya jicho utepe mpana wa rangi ya samli. Mgongo kijani, chini ya tumbo wekundu wa pilipili mbivu. Aliporuka hatua mbili, bawa likafunguka kidogo, nikayaona madoa ya feruzi. Nikakiweka kikombe chini polepole. Ndege huyu nimemtafuta miaka mingi kwenye msitu wa magofu ya Gede, nikarudi nyumbani mikono mitupu. Leo amekuja mwenyewe.

Wataalamu humwita pita wa Afrika. Neno hilo limetoka kwa Watelugu wa India, na kwao ni ndege mdogo tu. Sisi tukilisikia tunasikia mpita njia, na kweli ndivyo alivyo.

Wageni wa kaskazi mnawajua. Vitwitwi wanaojaa kwenye mlango wa mto Sabaki maji yakitoka, wale wametoka Ulaya na Asia, wamekimbia baridi ya huko. Pita huja kinyume chao. Yeye huzaa kusini: Tanzania, Zambia, Malawi, Zimbabwe, Msumbiji, mvua za huko zinapoanza, mwezi wa Novemba na Desemba. Mvua zikikatika ardhi hukauka, konokono na nyungunyungu hujificha, naye hufunga safari kuja kaskazini. Wengine huishia misitu ya Kongo. Wachache hufika pwani yetu, Gede na Arabuko-Sokoke, kati ya Aprili na Oktoba. Kusi yetu ndiyo kimbilio lake la majira ya baridi.

Sasa kwa nini uani kwangu? Kwa sababu ya majani. Mke wangu alikwenda Mombasa kumhudumia binti yetu aliyejifungua, na chini ya mwembe hapakufagiwa wiki tatu. Nilipofunua yale majani kwa kidole nilikuta unyevu, nyungunyungu, konokono wadogo, mchwa. Pita husimama kimya muda mrefu, hata unadhani ni jiwe, kisha anageuza jani kwa mdomo na kuokota. Ua uliofagiwa kwa chelewa mpaka mchanga unang'aa tunauona safi. Kwake ni sahani tupu. Kina mama, nawaomba kona moja tu, mbali na mlango ili msiwe na hofu ya nyoka.

La pili ni taa, na hili linaniuma. Pita husafiri usiku. Mwaka mmoja kabla ya huyu, usiku wa mawingu mazito, niliiacha taa kali ya barazani ikiwaka. Nikasikia kishindo kwenye kioo. Nilipotoka nilimkuta sakafuni, shingo imevunjika, bado ana joto. Nilimshika kiganjani nikayaona madoa yale ya feruzi kwa mara ya kwanza maishani mwangu, kwa ndege aliyekufa. Mwanga huwapotosha usiku wa ukungu usio na mwezi. Kule Ngulia, Tsavo Magharibi, wageni wa kaskazi huvutwa na taa za hoteli kwa wingi sana, na tangu 1969 wataalamu huwanasa pale kwa nyavu, wakawavisha pete na kuwaachia waendelee na safari. Barazani kwangu hapakuwa na nyavu. Palikuwa na kioo.

Siku hizi taa ile naizima saa tatu usiku, Aprili na Mei wakija, na tena Oktoba wakirudi.

Yule wa chini ya mwembe alikaa siku 11. Siku ya 12 nilisimama mlangoni mpaka chai ikapoa, na majani yote yalikuwa yametulia.